Brahms na Berg bila makofi katikati

Mabibi na mabwana, walimu wa kwaya na wanafunzi wa kinanda mliofika jioni hii hapa Moshi,

Wapiga piano wengi wakitaka kuchanganya muziki wa kiromantiki na ule wa mwanzo wa usasa huligawa tamasha katikati: Chopin kabla ya mapumziko, na baada yake vipande vigumu, ambavyo msikilizaji huvimeza kama kwinini. Mpangilio huo siupendi, kwa sababu unamfanya aamini kwamba muziki wa pili umetoka kwa watu wengine kabisa. Mimi naona afadhali kuweka kipande cha kale na kipya bega kwa bega, bila pengo kati yao.

Chukueni intermetso (kipande kifupi cha piano) ya kwanza ya Opasi 119, yaani kazi namba 119, ya mtunzi Johannes Brahms, ya mwaka 1893, katika ufunguo wa B maina, yaani ngazi ya noti iliyo na B kama nyumbani kwake. Ninyi mliolelewa na sol-fa mtaifuata bila shida, kwani inaanza kwa kushuka mi, do, la, fa, re. Ugeni wake ni kwamba noti inashikiliwa huku inayofuata ikiingia, hivyo sauti zinarundikana hadi sikio halijui tena kordi (noti zinazolia pamoja) ipi ndiyo ya nyumbani. Brahms mwenyewe alimweleza rafiki yake, mpiga piano Clara Schumann, kwa barua kwamba kipande hiki kimejaa sauti zinazokwaruzana, na kwamba kipigwe kana kwamba kila noti inazidi kupunguza mwendo.

Sonata (kipande kirefu cha piano) ya mtunzi Alban Berg, Opasi 1, iliyochapishwa 1910, nayo iko katika B maina. Berg alizaliwa Vienna, mji alioishi na kufia Brahms, na alikuwa na miaka 12 Brahms alipofariki mwaka 1897. Baadaye Berg alisoma kwa mtunzi Arnold Schoenberg, ambaye alimheshimu Brahms hasa kwa ustadi wa kukuza wazo dogo hadi likabeba kipande kizima. Ndivyo sonata hii ilivyojengwa: noti tatu za mwanzo, zinazopanda kwa kuruka, zinageuzwa na kunyumbuliwa kwa takriban dakika 11, na B maina, iliyoguswa mwanzoni, inafichwa kwa muda mrefu kabla ya kutulia mwishoni.

Kwa jozi ya namna hii, mtunzi Liszt wa mwaka 1881, yule wa kipande cha piano Nuages gris (Mawingu ya kijivu), akitangulia vipande vidogo vya Schoenberg vya 1911 pia anafaa, ingawa vipande hivyo ni vifupi mno na kikohozi kimoja ukumbini huvimeza.

Kwa hiyo leo naomba makofi yasubiri. Brahms akiishia kwenye B maina, hesabuni nami moyoni hadi nne, kisha sikilizeni Berg anavyoitafuta kordi hiyo hiyo. Naanza.