Samaki wa Ushelisheli, Ndugu Zake Uhindini

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Salim, ile picha uliyonitumia jana usiku, yule samaki magamba yamemsimama mgongo mzima. Nikasema huyu haamki kesho.

SALIM: Hata wafugaji wengi hudhani hivyo, Bi Zuhura. Kwenye matangi yetu magamba yakisimama, mara nyingi samaki kajaa maji mwilini na kupona ni shida. Lakini huyu ni dume la *Pachypanchax playfairii*, na msimu wa kutaga magamba ya mgongoni husimama yenyewe. Ndivyo alivyoumbwa. Jike humjui kwa hilo. Yeye ana doa jeusi kwenye shina la pezi la mgongoni.

ZUHURA: Playfair huyo si konseli aliyekuwa Zanzibar?

SALIM: Ndiye. Robert Lambert Playfair, konseli wa Uingereza miaka ya 1860. Yeye na Albert Günther, mtaalamu wa samaki, walitoa kitabu cha samaki wa Zanzibar mwaka 1866, na humo Günther akampa samaki huyu jina la mwenzake. Ila samaki mwenyewe ni wa vijito vya Ushelisheli.

ZUHURA: Na Günther naye hakukosa fungu lake. Unguja kuna *Nothobranchius guentheri*.

SALIM: Eeh, huyo wa vidimbwi vya mvua. Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae. Ukiangalia ramani, ungesema huyu wa Ushelisheli na yule wa Unguja ni watoto wa shangazi na mjomba. Wapi! Wa karibu zaidi na Pachypanchax ni jenasi, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, ya *Aplocheilus*, samaki wa Uhindi, Sri Lanka, mpaka kusini-mashariki mwa Asia. Wetu wa pwani ni ukoo wa mbali.

ZUHURA: Kafikaje huko? Kavuka bahari?

SALIM: Wapo wanaosema ardhi ndiyo iliyosafiri. Madagaska, Ushelisheli na Uhindi zilikuwa kitu kimoja. Madagaska ikabanduka kama miaka milioni 88 iliyopita, Ushelisheli ikaachana na Uhindi baadaye. Mahé na Praslin, visiwa vya Ushelisheli, ni mawe ya matale ya bara lile la zamani, si visiwa vya volkano.

ZUHURA: Mimi bado naitilia shaka. Si anastahimili maji ya chumvichumvi?

SALIM: Anastahimili, na ndiyo maana ubishi haujesha.

ZUHURA: Haya, na hao wengine?

SALIM: Jenasi ya Pachypanchax ina spishi saba zinazotambulika, na sita ni za Madagaska. Nne kati ya hizo zilielezwa na Paul Loiselle mwaka 2006 tu, yaani juzi. Wote ni samaki wa juu ya maji: kichwa bapa, mdomo umeelekea juu, pezi la mgongo limerudi nyuma karibu na mkia. Anatulia chini ya tawi, akianguka sisimizi au panzi, kwisha.

ZUHURA: Kwa hiyo msitu ndio jiko lake.

SALIM: Na zaidi ya jiko. Yule wa Unguja dimbwi likikauka anakufa, lakini mayai yake yanangoja matopeni hadi mvua. Pachypanchax hutaga kwenye majani ya majini, na baada ya kama wiki mbili mayai yameanguliwa. Kijito kikikauka, hakuna akiba iliyozikwa mahali. Kata miti ya kando upande mahindi au mpunga, umemmaliza. Kule kaskazini mwa Madagaska kuna *Pachypanchax sakaramyi*, kwenye maji yanayoshuka Mlima Ambre, na hali yake ni mbaya.

ZUHURA: Ni miti tu?

SALIM: Na samaki wageni. Gambusia, samaki wadogo, waliletwa Madagaska kula viluwiluwi vya mbu, na gupi, wale wadogo wa matangini, nao wamo mitoni. Kichekesho ni kwamba samaki wenyeji walikuwa wanakula viluwiluwi hivyohivyo tangu zamani.

ZUHURA: Lakini ngoja. Wewe uliniambia nisimweke huyu na gupi, atawamaliza.

SALIM: Tangini, naam. Vitoto vya gupi ukiviacha naye usiku, asubuhi huvioni.

ZUHURA: Basi mtoni anashindwaje?

SALIM: Gupi anazaa watoto wanaoogelea tayari, karibu kila mwezi. Na kijito kikishapigwa na jua, maji yakawa ya moto na ya tope, gupi hajali kabisa.