Mwanahisa na Jani la Shaba

HAMISI: Assalaam alaykum wasikilizaji, na wale wa "habari zenu" pia, karibuni. Tumo chumba kilekile cha nyuma, dukani kwa mjomba. Vitambaa vimening'inia kila ukuta, ndiyo maana leo hamsikii mwangwi. Mjomba ametupa mpaka saa nane. Saa nane mafundi wanarudi kwenye cherehani, na mnajua zikianza hakuna anayesikilizwa humu. Niko na dada yangu…

MWANAISHA: Hamisi, usithubutu.

HAMISI: …dada yangu, Bi Mwanahisa.

MWANAISHA: Nilijua tu. Nilikwambia kitu cha siri, umekileta hewani.

HAMISI: Siri gani na cheti kiko ukutani? Simulia, simulia.

MWANAISHA: Haya. Ijumaa ofisini kwetu kulikuwa na hafla. Ofisi siitaji. Biriani ipo, spika zipo, bosi mkubwa katoka makao makuu na koti lake, joto hili la Tanga. Wakasoma mfanyakazi hodari, nikaitwa mimi. Nimetembea ukumbi mzima napigiwa makofi, kiatu kinanibana, nimefika mbele nimepewa cheti. Kiko ndani ya fremu, kizuri, kina nembo. Nikabaki nimesimama.

HAMISI: Unasubiri bahasha.

MWANAISHA: Nasubiri bahasha! Si ndiyo desturi? Mei Mosi watu wanatoka uwanjani na mabati, wengine friji. Mimi mpiga picha ananiambia, "Dada, sogea, kuna wengine." Nimerudi nyumbani, mama kavaa miwani, kasoma kwa sauti: "Anatunukiwa Bi Mwanahisa Bakari." Halafu kanitazama. "Kumbe umenunua hisa, na hukuniambia?"

HAMISI: [anacheka] Herufi zimehama kidogo tu.

MWANAISHA: Na mimi ndiye niliyehamishwa nazo. Kutoka mwajiriwa mpaka mwenye kampuni.

HAMISI: Basi dai gawio, dada. Hicho ni kielelezo, kina sahihi na mhuri. Wakili yeyote ataichukua kesi hiyo.

MWANAISHA: Nilitaka kukirudisha Jumatatu. Siyo kirekebishwe, nikirudishe kabisa. Mama kakataa. Keshakipigilia msumari karibu na saa ya ukutani.

HAMISI: Hapo ndipo mada yetu ilipo, wallahi. Maana leo tulipanga kuzungumzia nishani kubwa za nchi, na nimeandika mafunzo matatu, haya hapa daftarini.

MWANAISHA: Daftari la kijani. Wasikilizaji, poleni.

HAMISI: Nimechagua India. Wana nishani moja ya juu kabisa kwa raia, Bharat Ratna, yaani Johari ya India. Imeanza tarehe 2 Januari 1954. Na haina bahasha.

MWANAISHA: Haina?

HAMISI: Hata senti. Unapewa medali na hati yenye sahihi ya Rais wa nchi.

MWANAISHA: Na jina lako wanaliandika sawasawa?

HAMISI: Hapo sina shaka. Sasa medali yenyewe: mwanzoni ilipangwa iwe duara la dhahabu, baadaye wakabadili. Ni jani. Jani la mti wanaouita peepal, ukoo mmoja na mikuyu yetu. Lina umbo la moyo na ncha ndefu kama mkia wa panya. Shaba. Katikati kuna jua la platinamu linatoa miali, nyuma kuna jina la nishani kwa maandishi ya Kihindi. Urefu wake kama sentimita 6, linatosha kiganjani. Unavishwa shingoni kwa utepe mweupe.

MWANAISHA: Hilo ningelikubali bila bahasha. Langu ni karatasi na fremu ya plastiki.

HAMISI: Na kuna sharti: hairuhusiwi kuitumia kama cheo cha kutangulia jina, wala kuibandika mwishoni.

MWANAISHA: Hebu waje wafundishe huku! Huku mtu akipewa udaktari wa heshima Jumamosi, Jumatatu ukimwita "Bwana" anakununia.

HAMISI: Wewe je, Mwanahisa ni cheo au jina?

MWANAISHA: Ni fedheha. Endelea, nani wamepewa?

HAMISI: Wa mwanzo, 1954, walikuwa watatu: Rajagopalachari, mwanasiasa, Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuja kuwa Rais, na Raman, mwanafizikia wa mambo ya mwanga, Nobeli alikuwa nayo tangu 1930. Lakini ninayemtaka mimi ni wa 2001. Bismillah Khan.

MWANAISHA: Jina lenyewe dua.

HAMISI: Mpuliza shehnai. Sasa wewe mtu wa pwani ukiiona shehnai unasema hii si nzumari yetu? Mdomo wake mpana kama tarumbeta, inalia kwa puani vilevile. Kule ni ala ya harusi, mtu akiwa na sherehe anaita wapulizaji wanakaa mlangoni. Yeye akaitoa mlangoni akaipandisha jukwaani. India ilipopata uhuru 1947, alipuliza pale Ngome Nyekundu, Delhi. Mwislamu, kakaa Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu, kando ya mto Ganges, na hekaluni alipuliza. Kafa 2006, mpaka uzeeni anapanda riksho za baiskeli.

MWANAISHA: Unaona? Johari ya India anapanda riksho. Bahasha ingemsaidia.

HAMISI: Alipenda mwenyewe!

MWANAISHA: Kila asiye na gari alipenda mwenyewe. Na mwaka huohuo si ndio wa Lata Mangeshkar, mwimbaji wa nyimbo za filamu?

HAMISI: Huohuo, 2001, wawili hao pamoja.

MWANAISHA: Basi niache mimi niseme. Bibi yangu hakujua Kihindi hata cha kuomba maji. Lakini Lata alimjua mpaka pale anapovuta pumzi. Walikuwa wanakwenda sinema wanawake watupu, na mabuibui yao, wanalia, wanarudi wanalia. Halafu zile tuni unazikuta kwenye taarabu, zimevalishwa maneno ya Kiswahili, mtu anamtupia mke mwenzie mafumbo kwa sauti ya Mumbai. Lata alipofariki Februari 2022, India ilitangaza maombolezo ya kitaifa siku mbili. Mama alizima redio jikoni, akakaa kimya. Mchele ukaungua. Kwetu mchele hauungui ovyo.

HAMISI: Na wimbo wenyewe mama anauimba vipi? Maana kuna siku nilimsikia…

MWANAISHA: Usimwige mama yangu.

HAMISI: …"Mwanahiiisa, oo mwanahisa, gawio langu li wapiii…"

MWANAISHA: [anacheka] Mshenzi wewe. Una tuni, lakini.

HAMISI: Beti la pili: "Kampuni ni yako, lakini nauli huna…"

MWANAISHA: "Biriani umekula, na hesabu hujapewa…" Ngoja, hii inakwenda! Andika kwenye hilo daftari, ni faida kuliko mafunzo yako.

HAMISI: Tunapoteza muda. Nina Abdul Kalam hapa, mtoto wa Rameswaram, baba yake alikuwa na mashua. Mtoto wa mwenye mashua, kama hawa wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga, udogoni anauza magazeti, akaja kuwa mtaalamu wa makombora, kapewa 1997, 2002 akawa Rais. Nina Karve, kapewa 1958, mwaka aliotimiza miaka 100. Mzee huyo alioa mjane wakati wajane hawaolewi, kaanzisha chuo kikuu cha wanawake 1916. Nina Mandela, 1990, ametoka gerezani mwaka huohuo, urais bado hata haujanukia.

MWANAISHA: Kwani wageni wanapewa?

HAMISI: Wawili. Mandela, na kabla yake 1987 Abdul Ghaffar Khan wa Pakistani. Mama Teresa kazaliwa Skopje, lakini alikuwa raia wa India alipopewa, 1980. Lakini nimtaje mtu wako, dada. Mrudisha vyeti. Maulana Azad.

MWANAISHA: Huyo simjui.

HAMISI: Abul Kalam Azad. Kazaliwa Makka, 1888. Mwanachuoni, mpigania uhuru, waziri wa kwanza wa elimu wa India huru. Wakataka kumpa Bharat Ratna akiwa waziri, akakataa. Hoja yake fupi: sisi tulio kwenye kuchagua tusijipe.

MWANAISHA: Allah amrehemu. Huyo mtu.

HAMISI: Kafariki 1958. Halafu 1992 wakampa.

MWANAISHA: Wakampa nani?

HAMISI: Yeye. Baada ya kufa.

MWANAISHA: Alikataa, wakangoja afe, wakampa?

HAMISI: Miaka 34 imepita, hawakuvizia kaburini.

MWANAISHA: Hamisi, neno la marehemu ni wosia. Mtu kasema sitaki. Mdomo umefumbwa, hawezi kusema tena sitaki, ndipo mnamvisha? Hiyo siyo heshima, ni kumwotea.

HAMISI: Sikiliza sababu yake. Hakusema nishani mbaya. Alisema asiyefaa kupewa ni aliye serikalini. 1992 yeye hayupo serikalini, hayupo duniani. Sababu imeondoka, zuio limeondoka.

MWANAISHA: Nani kakupa mamlaka ya kumfasiria? Pengine sababu zilikuwa tatu akataja moja.

HAMISI: Na Nehru? Kapewa 1955 akiwa Waziri Mkuu. Rais Prasad alisema kaamua mwenyewe bila kushauriwa na Waziri Mkuu. Indira Gandhi 1971, naye Waziri Mkuu. Sasa waliokubali wakiwa madarakani wabaki na nishani, na yule muungwana aliyekataa kwa adabu ndiye akose milele? Mtoto wa shule akisoma orodha asimwone Azad?

MWANAISHA: Asimwone! Aulize kwa nini hayumo, aambiwe alikataa. Kutokuwepo kwake ndiko nishani yake. Ninyi mmemwingiza kwenye foleni na wale aliowakimbia.

HAMISI: Maneno matamu hayo, lakini nchi nayo ina haki ya kushukuru. Mzazi akikataa zawadi yako akiwa hai, ukamchimbia kisima baada ya kufa, umekosa?

MWANAISHA: Kisima kinanyweka. Jani la shaba nani analinywa?

HAMISI: Basi bahasha ndiyo tatizo lako, siyo Azad.

MWANAISHA: Usinihamishe! Nishahamishwa herufi, usinihamishe na hoja.

HAMISI: Haya. Subhas Chandra Bose, naye mpigania uhuru. Mwaka huohuo 1992 serikali ikatangaza kumpa, "marehemu". Inasemwa alikufa kwenye ajali ya ndege Taiwan, Agosti 1945, lakini wengi hawakukubali kwamba amekufa. Likazuka neno: mnamwitaje marehemu? Na familia ikakataa nishani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 1997 tangazo likafutwa. Kwa hiyo familia ikikataa inasikilizwa.

MWANAISHA: Unanisaidia mimi hapo.

HAMISI: Nakuonyesha njia ipo.

MWANAISHA: Njia ya nani? Azad mwenyewe kasema kwa ulimi wake, na ulimi wake haukutosha, mpaka watu wazae mawakili?

HAMISI: Sikubali.

MWANAISHA: Na mimi sikubali.

HAMISI: Mimi ningempa hata leo.

MWANAISHA: Na mimi ningeinyofoa ukutani hata leo.

HAMISI: [kimya kidogo] Mbona cha kwako hujakinyofoa?

MWANAISHA: Kwa sababu kapigilia mama! Mama yupo hai, Hamisi. Ukinyofoa utamwambia nini? Kila mgeni akiingia anaoneshwa. Juzi kaja jirani kusomewa, mama kasoma "Mwanaisha" vizuri kabisa, anaruka ile herufi kama shimo la barabarani.

HAMISI: Kwa hiyo mpokeaji ni mama.

MWANAISHA: Usianze. Najua unakopeleka, hunipati. Mama yangu hakukataa kitu akiwa hai.

HAMISI: Sijasema neno.

MWANAISHA: Umeliwaza.

SAUTI YA MJOMBA: Ninyi! Saa nane kasoro dakika tano!

HAMISI: Tumesikia, mjomba! Jamani, sijamgusa Tendulkar wa kriketi. Mechi yake ya mwisho Novemba 2013, na siku ileile kutangazwa anapewa. Miaka 40, mdogo kuliko wote, na mwanamichezo wa kwanza. Walibadili kanuni 2011 ndipo michezo ikaingia. Na Dhyan Chand wa magongo, dhahabu tatu za Olimpiki, 1928, 1932, 1936, siku yake ya kuzaliwa ndiyo siku ya michezo ya taifa, na nishani hajapewa…

MWANAISHA: Huyo kafa?

HAMISI: 1979.

MWANAISHA: Muache apumzike.

HAMISI: Unaona mtu huyu! Haya, mafunzo. Funzo la kwanza…

MWANAISHA: Tuna dakika ngapi?

HAMISI: Tatu. Funzo la kwanza lina vipengele vinne.

MWANAISHA: Yasome wiki ijayo.

HAMISI: Wiki ijayo ni mambo ya mwani, tumeshamwalika mgeni. Na sikukueleza kwamba 1977 Waziri Mkuu Morarji Desai aliifuta kabisa nishani hii, ikarudi 1980, halafu 1991 wakampa yeye mwenyewe, na akapokea…

MWANAISHA: Nini? Sasa hilo lenye maana umeliweka mwisho?

HAMISI: Lilikuwa funzo la pili!

[cherehani ya kwanza inaanza]

MWANAISHA: Aliyeifuta? Akiwa hai?

HAMISI: Akiwa hai! Miaka 95!

MWANAISHA: Sasa huyo tungembishania saa nzima, wewe umenileta kwa…

[cherehani ya pili]

HAMISI: Nini? Sikusikii!

MWANAISHA: Nasema lete beti la tatu!

SAUTI YA MJOMBA: Hamisi, chomoa waya wenu, nataka kuchomeka pasi!

HAMISI: Nachomoa, mjomba, nacho…