Kirutubisho Kimo Majini, Lakini Hakiliki: Chakula cha Spirulina Bwawani

Habari za asubuhi, ndugu wakuzaji. Kabla sijaanza: wataalamu wa viumbe wanaihesabu spirulina, kijani hiki kidogo tunachokuza majini kwa chakula, kuwa bakteria, si mwani hasa. Lakini inalimwa kama mwani na inakula kama mwani, kwa hiyo hapa tutaiita mwani, tuendelee.

Mfikirie ziwa la magadi kama Bogoria au Nakuru. Maji ni machungu, samaki wengi hawayawezi, lakini heroe (flamingo) wadogo hukusanyika kwa maelfu kula mwani huu huu. Kinachoustawisha ni kaboni iliyoyeyuka majini kwa wingi pamoja na kukosekana kwa uchachu, yaani pH ya juu (kipimo hiki hupanda uchachu ukipungua). Bwawa lako linaiga ziwa hilo, na mchanganyiko unaotumika sana kuliiga ni wa mtafiti Zarrouk, wa mwaka 1966. Kwa lita 1,000 pima bikaboneti ya sodiamu kilo 16.8, nitrati ya sodiamu kilo 2.5, fosfeti ya potasiamu gramu 500, salfeti ya potasiamu kilo 1, chumvi ya kawaida kilo 1, salfeti ya magnesiamu gramu 200, kloridi ya kalsiamu gramu 40, salfeti ya chuma gramu 10 na EDTA (kemikali inayoshika madini yasituame) gramu 80, pamoja na madini mengine kidogo kabisa.

Ukishapima hivyo utadhani mwani umeshiba. Si lazima. Kirutubisho kinaweza kuwa kimo majini na mwani ukafa njaa.

Chukua chuma. Katika pH ya 9 au 10 chuma kisicholindwa hugeuka kutu na kutuama chini. EDTA hukishika kisituame. Kwa hiyo yeyusha EDTA kwanza kwenye ndoo yake, tia salfeti ya chuma humo, koroga, ndipo umimine bwawani. Fosfeti nayo hushikana na kalsiamu ikawa unga mweupe usiolika. Usiziyeyushe ndoo moja hata siku moja. Kalsiamu iingie mwisho, polepole, bwawa likikorogwa. Ukiona mashapo meupe chini, ujue sehemu ya fosfeti uliyonunua imelala pale.

Kaboni ina hila yake. Mwani ukila bikaboneti huacha kaboneti, na pH hupanda. Ikifika 10 bado mambo ni mazuri. Ikipita 10.5 ukuaji hupungua, ingawa kaboni bado imejaa majini, kwa sura ambayo mwani hauiwezi. Puliza hewa ya kaboni dioksidi, au toa sehemu ya maji na kujaza mapya yenye bikaboneti. Pima pH kila siku, saa ile ile, kwa sababu mchana hupanda na usiku hushuka kidogo.

Nitrojeni ndiyo inayowaharibia wengi, na hapa nitakaa kidogo. Kilo moja ya spirulina kavu ina takriban gramu 100 za nitrojeni. Ukivuna kilo hiyo, unapaswa kurudisha nitrati ya sodiamu kama gramu 600, au yurea kama gramu 220. Yurea ni rahisi kwa bei, ndiyo maana inapendwa. Lakini majini huvunjika ikawa amonia, na katika pH ya 10 zaidi ya asilimia 80 ya amonia hiyo ni gesi huru inayopenya seli. Nyuzi za mwani hukatikakatika, bwawa hunuka kama banda la kuku. Lisha yurea kwa mavuno yaliyokwisha kutoka, si kwa yale unayoyatarajia, na uigawe kwa siku. Harufu ikianza, acha yurea kabisa, koroga zaidi ili gesi itoke, na weka kivuli.

Nitrojeni ikipungua, mwani huanza kuvunja rangi yake ya buluu, ambayo ni protini, ili ujilishe. Bwawa hugeuka manjano, na mavuno huteleza kama bamia, hayachujiki. Chuma kikikosekana nacho huleta manjano. Fosforasi haina haraka hivyo: seli huwa na akiba, bwawa hubaki kijani huku ukuaji umesimama.

Msibahatishe kwa macho. Chota maji ya bwawa katika chupa tano za lita moja. Ya kwanza tia nitrati gramu 1. Ya pili fosfeti gramu 0.2, ya tatu mililita 10 za maji ya chuma na EDTA, yaliyotengenezwa kwa salfeti ya chuma gramu 1 na EDTA gramu 8 kwa lita, ya nne usitie kitu, ya tano usitie kitu ila iweke kivulini. Zitikise mara kwa mara kwa siku mbili au tatu. Chupa itakayokoza kijani kuliko ya nne ndiyo jibu. Ikiwa ni ya tano, mwani wako haukuwa na njaa, uliungua jua kwa kuwa ulikuwa mchache mno majini. Siku hiyo usinunue mbolea, nunua wavu wa kivuli.