Nani Alimfundisha Fundi?

Mbukwenyi! ... Ahsanteni. Mkiitikia hivyo kwa Kigogo najua niko nyumbani, Dodoma. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu.

Walionialika walinipa mada, "Tatizo la ajira kwa vijana". Nimewaomba radhi, nitaipindisha kidogo. Nenda alfajiri pale vibarua wanapongojea gari la mkandarasi. Utamkuta kijana wa miaka 20 na ushei ameketi na mwanamume wa rika la baba yake, kila mmoja na chepe lake, wote wanaitwa saidia fundi. Mkandarasi akitaka watu kumi, anachagua wenye mgongo mzima. Mzee anarudi nyumbani. Kwenye makaratasi yetu yule kijana akikosa kazi ni tatizo la taifa, huyu mzee hata jina hana. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Ukitimiza 36 umeshatoka kwenye semina, na chai yake.

Hata hesabu zenyewe tuzisome taratibu. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato japo saa moja katika wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa anayo kazi. Saa moja! Kabeba zege Jumatatu asubuhi, wiki nzima kashinda kijiweni, na takwimu zinampongeza. Mitaani tunasema kazi zipo, ajira ndiyo hakuna. Watu wa kijiweni wamewazidi wataalamu hapo.

Sasa tuangalie reli hii ya kati, maana imepitiwa na ndoto kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, hapo jirani tu, kulima karanga. Wakaleta matrekta, mengine mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, na mvua ya Ugogo mnaijua wenyewe. Kufika 1951 mradi ukaachwa. Mkulima wa Kigogo angewaambia hayo bure, kwa gharama ya kibuyu cha maji.

Shuka na reli hadi Morogoro. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kuta za alumini, hewa haipiti, mashine zinaharibika, vipuri havipo. Uzalishaji haukuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Halafu yakaja mageuzi ya mashirika ya umma, viwanda vikauzwa, vingine vikawa maghala.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Hata kiwanda kibovu kilikuwa na kitu kimoja tusichokiandika kwenye hesabu ya mali. Mimi nilianzia kiwandani nikiwa na miaka 19. Fundi niliyewekwa chini yake alinipa kopo la grisi na kitambaa, miezi sita. Nilimchukia! Kila asubuhi ananiambia, "Nyamaza, isikilize." Mwezi wa saba nikasikia beringi inalia kabla haijavunjika, nikazima mashine mwenyewe. Hakunisifu. Alinipa spana. Kiwanda kilipofungwa yeye alikuwa na miaka 47. Waliokuja kuorodhesha mali walihesabu mashine, meza, hadi viti vya ofisini. Yule mzee nilimkuta baadaye barabarani anauza mkaa, na hakuna aliyemuuliza kitu tena kuhusu beringi.

Kwa hiyo kijana wa leo anayelaumiwa kwamba ana cheti na hana ujuzi, mwalimu wake ndiye yule wa mkaa.

Tuje Dodoma. Sensa ya 2012 ilituhesabu mkoani watu 2,083,588. Ya 2022, watu 3,085,625. Tangu serikali ihamie, watu wamepata riziki kwenye ujenzi wa Mji wa Serikali pale Mtumba, na wa barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Sibezi. Lakini jengo lina siku ya kukabidhiwa, na siku hiyo saidia fundi anakabidhiwa mtaa.

Zabibu, lakini, inavunwa mara mbili kwa mwaka. Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, mnajua kinachotokea matanki ya wanunuzi yakijaa: tunda linaozea shambani. Anayeweza kukamua mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, na kuuhifadhi, huyo hamngoji mtu. Ila mchuzi unataka tanki la chuma kisichoshika kutu, pampu, mashine ya kupoza. Nani atalichomelea likivuja? Kijana amechomelea vijiti vichache chuoni, kwa sababu vijiti ni ghali. Anayejua yuko, ana miaka 55, ni mlinzi wa usiku kwenye geti la mtu.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ni jambo zuri, mzee anapata cheti. Mimi naomba kingine: alipwe kufundisha. Fedha za uanagenzi zisiishie kwenye posho ya kijana na kodi ya ukumbi. Kwenye gereji zetu mzee akimfundisha mtoto wa watu anapoteza muda wake wa kutafuta ugali, ndiyo maana anamtuma chai badala ya kumwonyesha injini. Tusimlaumu, tumlipe.

Kabla ya maswali, aliyevuka miaka 40 na amewahi kuendesha mashine yoyote ya kiwandani anyooshe mkono. Msione haya... Moja, mbili... wewe mama pale dirishani, mashine gani? Ya kufuma? Miaka mingapi? Kumi na moja. Haya, vijana, geukeni nyuma muwaangalie. Mikono ibaki juu, tafadhali, hawajamaliza kuwahesabu.