Stesheni Imefufuka, Treni Haipo: Jibu Langu kutoka Detroit

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo. Video ya leo sikuipanga. Tangu nilipoweka picha fupi za ndani ya Michigan Central, stesheni kongwe ya hapa Detroit, swali moja limekuwa likinifikia kila siku, na wengi wanaoliuliza wako Dar es Salaam: "Treni ya kwenda Chicago unapandia hapo?" Jibu ni hapana. Pale hapapandiwi treni yoyote. Nilipojibu kwa ufupi hivyo, kaka mmoja wa Mbagala akaandika kwamba nawaficha watu njia, na dada mmoja wa Tabata akaandika kwamba nimeanza kuisema vibaya nchi inayonilisha. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nikiambiwa najigamba kwa sababu nilisimama chini ya dari nzuri. Sijigambi, jengo si langu, na wala sikuja hapa kulalamika. Naomba tu mnisikilize hadi mwisho.

Kwa mtu aliyewahi kusubiri treni ya Kigoma pale Stesheni, akikalia mzigo wake mwenyewe, sina haja ya kueleza stesheni ni kitu gani. Nataka mwelewe jambo moja kuhusu hii ya Detroit, nalo ni mahali ilipojengwa. Haikuwekwa katikati ya mji. Iliwekwa mtaa wa Corktown, karibu kilomita tatu kutoka mjini, kwa kuwa reli ililazimika kufuata njia ya handaki lililofunguliwa mwaka 1910 chini ya Mto Detroit kuelekea Windsor, Kanada. Wasanifu wake ni walewale waliochora Grand Central ya New York, nao walisimamisha ukumbi wa kusubiria wenye dari ya zaidi ya mita 16 kwenda juu na nyuma yake mnara wa ofisi wa ghorofa 18. Maegesho makubwa ya magari hawakuyaweka, maana abiria walitarajiwa kufika kwa tramu. Ilianza kupokea treni tarehe 26 Desemba 1913, kabla ya siku iliyopangwa, baada ya stesheni ya zamani kuungua moto siku hiyohiyo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia baadaye. Tramu za Detroit ziliondolewa kabisa mwaka 1956, na mtu aliyekuwa na gari hakuona kwa nini aliendeshe hadi Corktown, atafute pa kuliacha, kisha apande treni, wakati barabara kuu mpya zilikuwa zikimfikisha anakokwenda. Ukumbi wa kusubiria ulifungwa mwaka 1967, ukafunguliwa tena katika miaka ya sabini, na treni ya mwisho ya abiria ikaondoka Januari 1988. Kwa maoni yangu, stesheni hii haikufa kwa uzee. Ilikatiwa njia za kuifikia, na stesheni isiyofikika kwa miguu wala kwa basi zuri inaanza kufa siku ileile, hata ikiwa imejengwa kwa marumaru.

Miaka 30 iliyofuata ni ya kusikitisha. Madirisha yalivunjwa yote, shaba ikaibwa, na mvua na theluji vikaingia kutoka juu hadi chini. Ninyi mlioko Pwani mnajua unyevu, lakini hamjaona maji yanavyoganda ndani ya jiwe, yakatanuka, yakalipasua, kisha yakayeyuka na kuganda tena msimu unaofuata. Baraza la mji lilipiga kura ya kulibomoa jengo hilo mwaka 2009, na bahati njema halikubomolewa. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Ford ililinunua kwa takribani dola milioni 90, na kazi ya ukarabati ikachukua miaka sita.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu mimi nimezaliwa na fundi wa lipu pale Temeke, na ndani ya ukumbi ule nilimkumbuka baba yangu. Kabla ya kuweka chochote kipya, mafundi walilazimika kuyavuta maji yaliyojaa chini ya jengo, zaidi ya lita milioni 13, na kuziacha kuta zikauke, maana lipu juu ya ukuta uliolowa hubanduka. Dari ina vigae takribani 29,000 vilivyopangwa kwa mtindo wa upinde, na walipovikagua kimoja kimoja, vilivyohitaji kubadilishwa havikuzidi 1,300 hivi. Mawe ya kuziba mapengo ya nje yalitoka machimbo yaleyale ya Indiana yaliyotoa mawe ya kwanza, na machimbo yenyewe yalikuwa yamefungwa kwa miaka 30. Katika sehemu fulani wameiacha michoro ya rangi iliyopigwa ukutani na vijana wakati jengo likiwa gofu. Niliweka kiganja pale ambapo tofali lililosafishwa linakutana na tofali lenye rangi ya kupuliza, na mpaka wake ni laini kiasi kwamba huwezi kuupata kwa kidole.

Ndani ya ukuta mafundi walikuta chupa ya bia yenye karatasi, iliyowekwa na wajenzi wawili walioandika majina yao Julai 1913. Na saa moja iliyokuwa imeibwa ilirudi yenyewe: mtu asiyejitaja alipiga simu mwaka 2018, akaeleza mahali alipoiacha, nayo ikakutwa imeegemezwa kwenye jengo lililoungua, imefungwa vizuri kwa mablanketi. Habari hiyo nimeisimulia mara nyingi na bado inanigusa, kwa sababu mtu aliiba saa ya stesheni, akaitunza, akangoja hadi alipoona kuna mwenye nia ya kweli.

Jengo lilifunguliwa tarehe 6 Juni 2024 kwa tamasha kubwa nje, na Diana Ross na Eminem wakaimba. Eneo lote, pamoja na majengo ya jirani, linahesabiwa kuwa limegharimu karibu dola milioni 950. Sasa ndani kuna ofisi, kampuni changa za teknolojia na wageni wanaopiga picha. Kuna mipango ya kurudisha treni za abiria jirani na hapo, nami naiombea. Kwa leo, treni ya Chicago huondokea kituo kidogo kilichopo barabara ya Woodward, upande mwingine wa mji.

Sasa nije kwenye lile linaloitwa malalamiko. Nilipofika hapa sikutaka gari. Nilitoka Dar nikiwa nimezoea daladala, na ile treni tuliyoiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, kutoka Stesheni hadi Ubungo, niliipanda karibu kila siku ya kazi tangu ilipoanza mwaka 2012. Hapa nilipewa kazi ya zamu ya usiku mahali ambapo basi la mwisho hupita kabla sijatoka. Nikalazimika kununua gari, na kununua gari kumbe ni kununua makaratasi. Leseni yangu ya Tanzania nilikuwa nayo kwa miaka 11 bila ajali, lakini kampuni ya bima iliniandika kama mtu aliyejifunza kuendesha juzi. Nikaleta barua ya uthibitisho kutoka nyumbani, wakataka tafsiri yenye muhuri. Nikalipia tafsiri, wakasema barua imepitwa na muda. Mdogo wangu akapanga foleni tena Dar kwa siku mbili kufuatilia barua nyingine, na ilipofika walikuwa wamebadilisha fomu. Mwaka wa kwanza nililipa dola 340 kila mwezi kwa bima peke yake, kwa gari nililolinunua dola 3,800. Hesabuni wenyewe: katika mwaka mmoja bima ilizidi bei ya gari. Kwa hiyo ninaposema stesheni haina treni, nataja kitu kinachotoka mfukoni mwangu kila tarehe mosi, na ndicho kinachonifanya nitume nyumbani pungufu ya nilichoahidi. Mama anajua. Shangazi zangu wawili bado hawaamini.

Wanaoniuliza kama waje Detroit, na kama mtu anaweza kuishi hapa bila gari, naomba msichukue maneno yangu kama sheria. Ninaye rafiki kutoka Tanga anayeishi karibu na kazini kwake, anatembea kwa miguu, na hana habari na bima. Yangu ni yangu, kwa kazi yangu na zamu yangu. Ulizeni watu watatu kabla ya kukata tiketi.

Na kwa kaka wa Mbagala nina neno moja la nyongeza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, wiki chache baada ya Michigan Central kupokea treni yake ya kwanza. Reli yetu hiyo na stesheni hii ya hapa ni za rika moja. Kisha Juni 2024, siku nane tu baada ya ufunguzi wa hapa, treni ya umeme ilichukua abiria wake wa kwanza kutoka Dar hadi Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mdogo wangu alinitumia video akiwa ndani ya behewa, anapita Pugu, huku mtoto wa jirani yake akiwa ameganda dirishani, na mimi nikaitazama nikiwa nimekaa kwenye gari, nje ya stesheni yenye ghorofa 18. Yapo majengo ya kale ya Dar ambayo nayatamani yapate mafundi wa aina ya niliowaona hapa, na kwa hilo nawaonea wivu watu wa Detroit. Kwa treni, nawaonea wivu ninyi.

Nimewawekea mwishoni mwa video kipande nilichokipiga nyuma ya jengo jioni ile. Reli bado ipo. Treni ya mizigo ilipita polepole sana, nikahesabu mabehewa 83, kisha la mwisho likaingia handakini kuelekea Kanada.