Kiairishi Katika Mkoba wa Mwezeshaji

Ndugu walimu, asanteni kwa kunikaribisha. Najua mlitegemea nizungumzie shule zetu. Leo nawapeleka Ireland, na mtaona wenyewe panapotugusa.

Kwa Katiba ya 1937, kifungu cha 8, Kiairishi ndiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi ile. Kiingereza ni cha pili. Hayo ya kwenye karatasi. Sensa ya 2022 ilipata watu 1,873,997 waliosema wanakijua, lakini wanaokizungumza kila siku nje ya shule ni 71,968. Yashikeni maneno hayo, "nje ya shule". Mzigo wa lugha ile yuko nao mwalimu.

Mwalimu huyo anaweza kuwa Gaeltacht, yale maeneo ya Donegal, Galway au Kerry ambako lugha bado inasikika majumbani. Au yuko gaelscoil mjini, anafundisha hisabati na sayansi kwa Kiairishi watoto ambao wengi wao nyumbani wanaongea Kiingereza. Mtaala ukibadilika, serikali humletea wawezeshaji, semina na miongozo. Tangu Septemba 2023 kazi hiyo inafanywa na Oide, chombo kilichounganisha huduma nne za awali. Neno oide ni la Kiairishi, maana yake mwalimu. Jina tumelisikia, mimi naulizia yaliyomo mkobani mwa mwezeshaji: ni ya Kiairishi, au ya Kiingereza yanayongoja kutafsiriwa?

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Elimu ya 1998 inamtaka waziri atoe huduma za usaidizi kwa Kiairishi kwa shule zinazofundisha kwa lugha hiyo, na kwa shule nyingine yoyote itakayoomba. Ikaja Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003, ikaagiza ripoti ya mwaka ya taasisi ya umma itoke kwa lugha zote mbili kwa wakati mmoja. Hapo huwa nacheka. Ripoti ya mwaka! Nani hapa amewahi kuingia nayo darasani? Slaidi za semina ya Jumanne hazimo katika agizo lile.

Na kwa mwalimu, wakati ndio kila kitu. Tafsiri ya mwongozo ikichelewa muhula mmoja, keshajitafsiria mwenyewe usiku, daftari za kusahihisha zikimsubiri pembeni. Istilahi zipo: wao wana fótaisintéis kama sisi tulivyo na usanisinuru. Ila mtu aliyechoka hatafuti istilahi, anabuni. Jirani yake naye anabuni ya kwake, na mtoto akihama shule anakuta jani lilelile linafanya kazi yenye jina jingine.

Haya, tafsiri imewahi. Ni Kiairishi cha nani? Kumjulia mtu hali, kila jimbo lina lake: Munster husema Conas tá tú, Connacht Cén chaoi a bhfuil tú, Ulster Cad é mar atá tú. Kiairishi sanifu kilitolewa 1958, na hakina kijiji chake. (Waliozaliwa Lamu wakakikuta Kiunguja shuleni wananielewa.)

Marekebisho ya 2021 ya ile Sheria ya Lugha Rasmi yanataka, ifikapo mwisho wa 2030, angalau asilimia 20 ya waajiriwa wapya wa taasisi za umma wawe wanakimudu Kiairishi. Ningekuwa na sauti kule, ningewaombea baadhi yao wakae meza moja na wanaoandaa miongozo, tangu siku ya kwanza, waandike kwa Kiairishi badala ya kungoja cha kutafsiri. Kuna mambo hayatafsiriki. Chukueni kusoma kwa darasa la kwanza. Mwongozo wa sauti za herufi ulioandikwa kwa ajili ya Kiingereza, hata ukitafsiriwa kwa ufasaha wote, utazungumzia sauti za Kiingereza. Mwalimu anatoka semina, anaingia darasani, mtoto anafungua kitabu na kukuta bhí, yaani "ilikuwa". Inasomwa vii. Mwongozo wake haujamwambia lolote juu ya hiyo bh.