Kuinama kwa Goren

BAKARI: Tumerudi. Da Zuu leo kaingia studio kimya kabisa.

ZUHURA: Kaka, nimemkosea mtoto. Elfu kumi ya gesi haionekani kwenye kopo la majani ya chai. Nikamwita mtoto wa dada, miaka tisa, nikamkalisha mezani, nikamfanyia Goren, yule mpelelezi wa kwenye tamthilia anayewainamia watuhumiwa.

BAKARI: Usiniambie uliinama!

ZUHURA: Niliinama. Shingo upande wa kushoto, mpaka macho yangu yakayakuta yake pale chini alipoyaficha, kwenye kitambaa cha meza.

BAKARI: Kushoto? Goren ni kulia!

ZUHURA: Pande zote. Mtuhumiwa akikwepa, anamfuata.

BAKARI: Kulia, Da Zuu. Law & Order: Criminal Intent, mtoto wa tatu wa ukoo wa Law & Order, 2001 mpaka 2011, nimeiangalia nikairudia. Vincent D'Onofrio, anayemwigiza Goren, anaanzia kulia.

ZUHURA: Haya. Mtoto akakiri, analia, eti kanunua ubuyu na kashata. Usiku nakunja kanga, noti hiyo, puu! Nilikuwa nimeifunga pindoni mwenyewe.

BAKARI: Sasa ubuyu?

ZUHURA: Hakuna ubuyu. Alitaka tu niache kumwangalia vile.

BAKARI: Pole. Ila hapo usimtie Goren. Yeye anasoma kwanza: viatu, mwandiko, vitabu vya mtu. Wewe uliruka hatua zote ukaenda kuinama. Tena kushoto.

ZUHURA: Na akishasoma? Anatafuta kidonda, labda mama, labda wivu, anakibonyeza mpaka mtu aseme. Carver, mwendesha mashtaka, analalamika ushahidi hautoshi, halafu kukiri kunaokoa kesi.

BAKARI: Lakini wanaokiri ndio waliofanya.

ZUHURA: Tunajuaje? Tamthilia imetuingiza nyumbani kwao tangu mwanzo, tumewaona wakipanga. Mimi pale mezani nani alinionyesha? Askari wa kweli naye haonyeshwi.

BAKARI: Goren mama yake ana skizofrenia. Amekua na maumivu, anayatambua kwa wengine. Akiinama, mtu anahisi ameonekana.

ZUHURA: Mtoto wangu alihisi amebanwa.

BAKARI: Na Eames je, mwenzi wake kazini? Mpelelezi makini vile, angefanya kazi na mtu katili miaka yote hiyo?

ZUHURA: Eames aliwahi kuandika barua kuomba mwenzi mwingine!

BAKARI: Akaiondoa!

ZUHURA: Aliiandika!

BAKARI: Akaiondoa, Da Zuu. Mimi hapo sibanduki.

ZUHURA: Nami sibanduki. Mtu anayejua kidonda chako kilipo, akakitumia kukutoa maneno, hata awe na akili namna gani, maneno hayo siyaamini.

BAKARI: Bila yeye wangapi wangetoroka?

ZUHURA: Na wangapi wangekiri ubuyu?

BAKARI: Fundi ananionyesha vidole viwili. Na tulipanga kumzungumzia Logan, mpelelezi anayeigizwa na Chris Noth, alivyoingia msimu wa tano wakawa wanapokezana na Goren, na tamthilia ilivyohamia kituo cha USA Network 2007…

ZUHURA: Na barua za wasikilizaji.

BAKARI: Hazisomeki leo. Mtoto umemwomba radhi?

ZUHURA: Nimemwomba, nimepiga magoti. Kaniambia, "Mama mdogo, usipindishe shingo tena."

BAKARI: Maskini. Hakusema upande gani?

ZUHURA: Pande zote, kaka.

BAKARI: Kuli—

[Muziki]